Posta, Kijiji au Mwenge: pa kumpeleka mgeni anayeuliza vitu vya mababu viko wapi

Shemeji yangu wa Newala alinipigia simu wiki mbili kabla ya likizo. Anakuja Dar na wanawe wawili, wana Jumamosi moja tu iliyo wazi, na yule mkubwa, wa kidato cha pili, ametoka kufundishwa Maji Maji na sasa haachi kuuliza: vile vinyago walivyovaa babu zetu kwenye ngoma za jando viko wapi? "Nimpeleke wapi, kaka?" Nikamjibu palepale, Posta, makumbusho ya taifa. Nilipokata simu nikajiona nimejibu kama kondakta.

Maana Dar ina sehemu tatu za kumpeleka mtu mwenye swali kama lile, na hazifanani hata kidogo. Ipo Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, ndiyo hiyo ya Posta, mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea. Kipo Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, ambacho ndicho kilichokipa kituo cha daladala jina lake, ingawa wengi wanaoshuka pale kila siku hawajawahi kuingia ndani. Na wapo wachonga vinyago wa Mwenge. Watu huzilinganisha kwa kiingilio, foleni na mandhari ya kupigia picha. Hayo nitayagusa. Ila mimi nikifika sehemu ya namna hii hujiuliza kwanza: nani aliamua kitu hiki kikae hapa? Posta aliyeanza kuamua alikuwa gavana. Kijijini ilikuwa serikali changa ya uhuru. Mwenge ni mnunuzi.

Posta: jumba la mfalme

Jumba hili lilijengwa na Waingereza kuwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano, likafunguliwa kwa watu mwaka 1940. Baada ya uhuru likawa la taifa na likaongezwa majengo. Jengo la zamani bado lipo, na mimi humwambia kila ninayempeleka asimame kwanza nje alitazame.

Kwa mtoto, kinachovutia zaidi ni habari ya Zinjanthropus, fuvu lililookotwa na Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa miaka kama milioni 1.75. Kuna vitu vya Kilwa, vikiwemo vyungu vya China vilivyofika na majahazi kabla Mreno hajaijua pwani hii. Kuna magari ya viongozi, ambayo wajomba na mababa huyakodolea macho kuliko kitu kingine chochote. Kuna kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa Agosti 1998. Saa mbili zinatosha, tatu kama unasoma kila maelezo.

Lakini mwanafunzi wetu aliuliza vinyago, na hapa inabidi nikae kidogo.

Kinyago cha Kimakonde cha ngoma huitwa lipiko, vikiwa vingi mapiko. Si mpingo. Ni mti mwepesi, umekombwa ndani ukaingia kichwani kama kofia, ukapandikizwa nywele za mtu kweli, na chale za usoni zikatengenezwa kwa nta ya nyuki. Mwenye kukivaa hufunikwa nguo mwili mzima, na wanawake na watoto hawatakiwi kujua ni nani yumo ndani. Kinafanya kazi kikiwa kinatikisika, vumbi linatimka, ngoma inalia, watoto wanakimbia. Ukikiweka ndani ya kabati la kioo chini ya taa kinakuwa kama kofia ya dukani. Hilo si kosa la makumbusho yetu peke yake, ni ugonjwa wa makumbusho yote yaliyorithi utaratibu wa Ulaya. Dada yake ugonjwa huo ni lebo: makusanyo ya enzi za ukoloni, hapa na kwingineko, hutaja kabila na mahali, mara chache sana humtaja aliyechonga. Mchoraji wa Ulaya ana jina, wetu ana kabila.

Sasa kisa ambacho ningependa kijana akisikie akiwa amesimama pale ndani. Mwaka 1984 jumba hili liliibiwa, na miongoni mwa vilivyochukuliwa kulikuwa na lipiko moja. Mwaka uliofuata kinyago kile kikanunuliwa huko Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 mtaalamu mmoja alitambua kwamba ndicho kile kilichoibwa Dar. Halafu yakaanza mazungumzo, na mazungumzo yakazaa mazungumzo, mpaka Mei 2010 ndipo kikarejeshwa Tanzania. Hesabu mwenyewe: kuiba usiku mmoja, kurudisha miaka 26.

Ninakipenda kisa hiki kwa sababu kinavuruga hadithi rahisi. Tumezoea kusema Mjerumani alipora, basi. Na kweli alipora: makumbusho ya Berlin peke yake yana vitu zaidi ya 10,000 vilivyotoka ardhi ya Tanzania, na baadhi ni vya vita, vimeokotwa wakati Maji Maji inazimwa kati ya 1905 na 1907. Mifupa ya mijusi mikubwa ya Tendaguru, Lindi, ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa kichwani na vijana wetu mwendo wa siku nne mpaka bandarini, na leo mmoja wa mijusi hiyo amesimama Berlin, urefu wa zaidi ya mita 13. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilirudi mwaka 1954 kutoka Bremen, nalo lipo Kalenga, Iringa, si hapa. Lakini lipiko la 1984 liliondoka tukiwa huru, mlango ukiwa wetu, ufunguo wetu. Ukoloni ulishaacha nyuma yake soko la watu wenye fedha wanaotaka "kitu cha kale cha Kiafrika" bila kuuliza kilikopatikana, na soko halihitaji gavana.

Ukiwa na mgeni anayefuatilia habari hizi, mwambie pia kwamba mwishoni mwa 2024 yalifunguliwa kwenye jumba la Humboldt Forum, Berlin, maonyesho kuhusu historia za Tanzania yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na makumbusho yetu. Kama ushirikiano ni kurudishiwa au ni kuazimwa cha kwako mwenyewe, hilo mjadiliane mkitoka, kwenye kivuli cha bustani.

Ukitoka hapo, kwa miguu dakika chache, ipo sanamu ya Askari. Usiiruke, ni bure. Wajerumani walikuwa wamemsimamisha mjini Hermann von Wissmann, gavana wao. Waingereza walipouteka mji wakamng'oa, na mwaka 1927 wakasimamisha askari mweusi mwenye bunduki na singe, kuwakumbuka Waafrika waliopigana vita ambavyo havikuwa vyao. Wissmann wa shaba akaishia Hamburg, ambako wanafunzi walimwangusha mwaka 1968. Sanamu moja, miji miwili, watu wawili tofauti wakisema toka.

Kijiji: nyumba bila moshi

Kijiji cha Makumbusho kipo kama kilomita kumi kutoka katikati ya mji. Kilianzishwa mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na hiyo si sadfa ya kupuuzwa. Ni uwanja wenye nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi: msonge wa Wahaya ulioezekwa nyasi mpaka chini, tembe za Wagogo na Wahehe zenye paa bapa la udongo, banda la Wazaramo wenyewe wa hapa, na nyinginezo. Unaingia, unainama mlangoni, unaona pa kulala mbuzi na pa kuhifadhi mtama. Mara nyingi kuna ngoma alasiri, hasa mwisho wa wiki. Uliza getini ukifika, usitegemee.

Kwa watoto wa shule ya msingi hakuna mjadala, hapa ndipo pao. Wanakimbia, wanagusa, hakuna wa kuwaambia "msisogelee kioo". Mwana mdogo wa dada yangu, tulipotoka kwenye msonge, aliniuliza, "Mjomba, wenyewe wamekwenda wapi?" Nikamwambia hakuna wenyewe, ni maonyesho. Akanitazama kama nimemdanganya.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Shangazi mmoja wa Bukoba niliyewahi kumpeleka pale alisimama ndani ya msonge, akanusa, akasema, "Hii nyumba imekufa, haina moshi." Alikuwa na maana yake. Nyumba ya nyasi huishi kwa moto wa jikoni. Moshi unapanda, unakausha nyasi, unafukuza wadudu. Ukilizima jiko, mchwa wanahamia na paa linaoza. Tembe nayo ni nyumba ya Dodoma, nchi kavu, paa lake la udongo halikukusudiwa masika ya Dar. Kwa hiyo nyumba za kijiji hiki zinahitaji kukarabatiwa na kujengwa upya mara kwa mara, na ukikuta moja imeinama usiwe mwepesi wa kulaumu watunzaji. Wameachiwa kazi ya kutunza bila moto kitu kilichotunzwa kwa moto.

Na wenyewe walikwenda wapi? Hapo ndipo kijiji kinapokuwa na utamu kwa mtu mzima. Serikali iliyokusanya nyumba hizi kwa fahari ndiyo iliyokuwa, miaka hiyohiyo, ikiwahimiza Wamasai wavae suruali na kuacha lubega. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwahamisha Wagogo kutoka kwenye tembe zao kwenda vijijini, na katikati ya miaka ya 70 Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni nchi nzima. Tembe iliheshimiwa Dar na kubomolewa Ugogo. Sisemi kwa kejeli. Taifa lililotoka kutawaliwa lilitaka kuonyesha lina mila, na papo hapo lilitaka wananchi wake wakae kwa mistari, karibu na shule na bomba. Yote mawili yalitoka moyo mmoja. Ila sehemu kubwa ya ramani hii ya "kabila moja, nyumba moja" waliichora watawala wa kikoloni, waliohitaji kila mtu awe na kabila lake kwenye daftari la kodi, nasi tukairithi tukaijengea kijiji. Mtu wa mjini mwenye mama Mnyakyusa na baba Mzigua anaingia nyumba ipi?

Mwenge: aliye hai

Mwenge ni vibanda, vumbi la mbao, na sauti ya tezo tangu asubuhi. Hakuna kiingilio. Kuna adabu: unasalimia, unaomba kutazama, hupigi picha ya mtu kabla ya kumwomba, na kama umekaa nusu saa unamuuliza fundi maswali, nunua japo kijiko.

Wengi wanadhani hapa ndipo penye "sanaa ya jadi" tupu. Sivyo, na hilo ndilo linalopafanya pawe pazuri. Uchongaji huu wa mpingo ulikua kwa sababu ya soko. Wamakonde walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kukata mkonge, babu mzaa mama wangu akiwa mmoja wao, na jioni walichonga. Wamisionari na Wazungu wa ofisini walinunua, wakitaka kitu kizito, cheusi, chenye kung'aa. Mti mwepesi wa mapiko ukabaki wa ngoma. Mpingo ukawa wa mteja.

Kisha mafundi wenyewe wakageuza meza. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 50 Samaki Likankoa alikuwa akichonga mtu, mkono ukavunjika. Badala ya kutupa, akaendelea nacho kikawa kiumbe cha ajabu, akampelekea Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago hapa Dar, naye akamwambia alete vingine. Ndio mwanzo wa shetani, vile vyenye jicho moja na mdomo ulionyooka kama panga. Roberto Yakobo Sangwani ndiye anayetajwa kuanzisha mtindo wa watu waliobebana kwa rundo, wa kwanza akiwabeba wenzake. Aliuita dimoongo. Siasa zilipobadilika ukabatizwa ujamaa, na kwa jina hilo ukauzwa dunia nzima. Kwa hiyo kinyago unachokiona Mwenge ni cha kisasa kama daladala, na hakuna haja ya kukionea aibu kwa hilo.

Aibu, kama ipo, ipo kwenye twiga. Fundi mmoja mzee niliyezoeana naye nilimwamkia siku moja, "Shikamoo mzee," nikamkuta na twiga watano wamepangwa kwa kimo. Nikamuuliza kwao wapo. Akacheka. "Kusini ya Rufiji twiga wa wapi? Mimi wa kwanza nilimwona kwenye mkia wa ndege." Mteja akitaka twiga, anachonga twiga. Chini ya meza, amefunika kwa gunia, alikuwa na shetani aliyemchonga kwa miezi mitatu, ambaye hakuna aliyeuliza bei yake tangu Pasaka.

Kwa mnunuzi, nina funzo nililolilipia. Niliwahi kununua "mpingo" sehemu ambayo sitaitaja, nikampa mke wangu aubebe, tulipofika nyumbani gauni lake lilikuwa na alama za kiwi nyeusi. Mpingo halisi ni mzito mno, ukiutupa majini unazama. Geuza kinyago utazame chini: kiini cha mpingo ni cheusi, lakini ganda lake la nje lina weupe wa manjano, na mafundi wengi huacha kipande cha weupe huo makusudi. Chote kikiwa cheusi tii kama kiatu cha askari, kwaruza kidogo kwa kucha pembeni, kwa ruhusa. Na mtu akikunong'oneza kwamba anacho "cha kale kabisa, cha babu", ondoka. Ama anakudanganya, ama anakuuzia kitu ambacho Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haimruhusu, na wewe utakuwa umejiunga na mnyororo uleule wa lipiko la Geneva.

Jambo moja Mwenge hainipi: Wazaramo. Dar ni nchi yao, na walikuwa na mwana hiti, kisanamu kidogo cha mti, kiwiliwili na kichwa chenye vishungi viwili, alichopewa mwali akiwa ndani. Vimejaa kwenye makabati ya Ulaya na Marekani. Mwenge sijawahi kukiona hata kimoja kikiuzwa, na pengine ni heri.

Kuna wanaoniuliza mbona sijataja Tingatinga. Kama mgeni wako anapenda rangi kuliko mti, mpeleke Oysterbay kwenye ushirika wa wachoraji, ulioundwa mwaka 1990 kuendeleza kazi ya Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanza mwaka 1968 kuchora kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao bapa, akafa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Na kama ana miaka ishirini na anasema jadi imemchosha, mpeleke Nafasi, kituo cha wasanii cha Mikocheni, wasanii wapo kazini na hawatamwonyesha twiga.

Sasa chagua

Fedha haziamui sana hapa. Raia hulipa kiingilio kidogo Posta na Kijijini, mgeni wa nje hulipa zaidi, kwa hiyo beba kitambulisho. Mwenge unaweza kuingia na mia tano ukatoka nayo, ukiwa na roho ngumu. Usafiri ni rahisi: mwendokasi mpaka Kivukoni kisha kutembea kwa Posta, daladala zozote za Makumbusho na Mwenge kwa hizo mbili nyingine, ambazo ziko karibu kiasi cha kuunganishwa siku moja. Posta na mojawapo ya hizo pia inawezekana, ila ondoka mapema, foleni ya barabara ya Bagamoyo haina huruma na watoto. Siku ya mvua, Posta. Kijijini utakanyaga tope na ngoma hakuna.

Una watoto chini ya miaka kumi: Kijiji, bila kufikiri mara mbili. Una mzee aliyezaliwa kijijini: Kijiji pia, lakini umwache aongee yeye, usimlipie mwongoza wageni. Una mgeni wa kigeni anayetaka zawadi na hadithi: Mwenge. Una mwanafunzi wa historia, au mtu anayebishana mtandaoni kuhusu Berlin irudishe nini: Posta, na msisahau sanamu ya Askari.

Kwa shemeji nilimpigia tena nikabadilisha kauli. Nilimwambia tuanze Mwenge asubuhi, saa mbili, kabla jua halijachoma, ndipo twende Posta. Kinyume cha wanavyofanya wengi. Alishangaa, "Tuanze sokoni?" Nikamwambia ndiyo, akaone kwanza mikono.

Tulikaa kwa yule mzee karibu saa nzima. Kijana alishika tezo, akapewa kipande cha mti mwepesi akikombe, akajikata kidole kidogo, akaambiwa ndio karo. Mzee akamwonyesha jinsi ndani ya kinyago kunavyoachwa mikwaruzo, hakulainishwi, maana kichwa hakijali na mtazamaji hapaoni.

Posta tulifika saa sita. Alipita Zinjanthropus bila kusimama sana. Kwenye kabati la vitu vya mti alipiga magoti, akainamisha kichwa akichungulia kwa chini, akijaribu kuona ndani. Mlinzi akamsogelea kumuuliza anatafuta nini hapo chini.

"Alama za tezo," akasema. "Unaweza kukigeuza kidogo?"